Konokono wadogo wa maji baridi Ulaya: kuwatambua na kuwaandikia kumbukumbu

Konokono wengi wa maji baridi wa Ulaya ni wadogo kuliko punje ya mchele, na ndiyo maana watu huwapita. Chota wavu mmoja wa magugu kwenye mfereji wa malisho kusini mwa Uingereza au kule Uholanzi, ukung'ute kwenye trei nyeupe, kisha subiri tope litulie. Vile ulivyodhani ni mbegu na mchanga vitaanza kutembea. Humo mnaweza kuwa na spishi saba au nane za familia tatu nne, na nyingi kati yake hutambulika kwa lenzi ya mkono na subira.

Kazi yenyewe ni mbili: kutambua na kuandika. Watu hupenda ile ya kwanza, ya pili wakaifanya haraka haraka jioni wakiwa wamechoka. Mimi naona ya pili ndiyo yenye uzito. Jina la konokono hubadilika kadiri wataalamu wanavyojua zaidi, lakini tarehe, mahali na sampuli iliyohifadhiwa havibadiliki. Basi kanuni ya mwongozo huu ni kuandika jina mpaka pale ushahidi wako unapofika, bila kuongeza hata hatua moja. "Anisus, spishi haijabainika", ikiwa na picha na gamba kwenye kichupa, ni kumbukumbu halali. "Anisus vorticulus" isiyo na chochote nyuma yake ni maneno tu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki viumbe hawa si wageni kabisa. Biomphalaria, wanaobeba kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Victoria, ni wa familia ya Planorbidae, ile ile yenye konokono bapa chungu nzima kwenye mifereji ya Ulaya. Na Bulinus truncatus, mmoja wa konokono wa kichocho cha mkojo, yupo kusini mwa Ulaya: mwaka 2013 watu walioogelea mto Cavu kisiwani Corsica waliambukizwa humo humo mtoni.

Kabla ya kugusa maji

Ulaya hakuna mfereji usio na mwenyewe. Ni wa mkulima, wa halmashauri au wa hifadhi, na kuomba ruhusa ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kujua nani analindwa. Anisus vorticulus, konokono bapa wa milimita tano hivi, yumo kwenye orodha za sheria ya Umoja wa Ulaya ya makazi ya viumbe. Myxas glutinosa analindwa na sheria ya Uingereza. Ukiwa mahali wanapojulikana kuwapo, piga picha uwarudishe majini; kuwachukua kunahitaji kibali.

Halafu usafi, tena wa kweli. Wavu na viatu vya mpira ndivyo vinavyosafirisha konokono wavamizi kutoka mto mmoja hadi mwingine. Kampeni ya Uingereza inasema kagua, safisha, kausha: ondoa matope na majani yote, loweka vifaa kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 kwa dakika 15, kisha uache vikauke kabisa. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, maana mkojo wa panya majini huleta leptospirosisi, ugonjwa uliopewa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Ukiwa na kidonda, vaa glavu.

Vifaa

Usinunue vingi. Chujio la jikoni lenye matundu ya nusu milimita hadi milimita moja, lililofungwa kwenye mpini wa fagio, linafanya kazi ya wavu wa bei kubwa. Ongeza trei nyeupe, brashi laini ya kuchorea ya kuwainulia (kibano huvunja magamba machanga), vichupa vyenye vifuniko vya kukaza, penseli, karatasi ya grafu ya milimita, na simu yenye GPS. Lenzi ya mkono ya mara 10 inatosha kwa kuanzia, ya mara 20 ni bora. Ukishanogewa utataka hadubini ya macho mawili inayokuza kati ya mara 10 na 40. Kama kuna kitu cha kutoa fedha, ni hicho.

Kukusanya

Konokono hawakai mahali pamoja, kwa hiyo usichote katikati tu. Pitisha wavu kwenye magugu, kisha kwenye tope la juu. Geuza majani yanayoelea uangalie upande wa chini. Chukua jiwe kutoka kwenye mkondo ulioshe juu ya trei. Mwisho angalia ukingo wa tope uliolowa, nje ya maji kabisa, maana Galba truncatula hupenda hapo na anayetumia wavu peke yake hamwoni.

Pima muda. Ukichota kwa dakika kumi, andika dakika kumi. Bila hivyo hakuna atakayejua baadaye kama uchache wa konokono ulitokana na mfereji au na haraka yako. Wa kuchukua wawe watatu au wanne kwa kila aina, waliobaki warudi pale pale walipotoka.

Waangalie wakiwa hai

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo huokoa saa nyingi za kuumiza macho kwenye hadubini. Weka konokono kwenye kisahani chenye maji yao wenyewe, kivulini, usiwaguse. Baada ya dakika chache watatoka.

Tazama pembe kwanza. Pembe bapa za pembetatu, pana kwenye shina, ni za familia ya Lymnaeidae. Nyembamba kama uzi ni za Planorbidae, Physidae na wengine wengi. Kisha tazama joho, ile ngozi laini inayofunika kiwiliwili. Physa fontinalis hulitoa nje likiwa na vidole vidole vinavyokumbatia gamba. Myxas glutinosa hulitandaza mpaka gamba zima linapotea chini yake. Valvata naye hutoa kando ya kichwa shavu la kupumulia lililochanua kwa vinyuzi, na ukiliona hilo huhitaji kuuliza familia tena. Yote haya hupotea mara tu konokono anapoingia kwenye spiriti, kwa hiyo andika au piga video ya sekunde chache.

Maswali matatu ya kufika kwenye familia

*Ana kifuniko?* Konokono akijikunja, angalia kama mlango wake unazibwa na kisahani kigumu. Wenye kifuniko hupumua kwa mashavu: Bithynia, Valvata, Potamopyrgus, Bythinella, Theodoxus na jamaa zao. Wasio nacho ni wale wenye pafu. Gamba tupu halijibu swali hili, na ndiyo sababu nyingine ya kumtafuta aliye hai.

*Gamba lina umbo gani?* Kuna mnara, kuna duara bapa, kuna kikofia.

*Mdomo uko upande gani?* Mdomo hapa ni ule mlango wa gamba anapotokea konokono. Simamisha gamba ncha juu, mdomo ukikuelekea wewe. Mdomo ukiwa kulia kwako, ni wa kulia. Ukiwa kushoto, ni wa kushoto. Mnara wenye mdomo wa kushoto, katika maji mengi ya Ulaya, ni wa Physidae. Huko kusini alipo Bulinus ongeza uangalifu.

Angalia mtego mmoja. Valvata cristata ni bapa kabisa, milimita tatu hivi, na kwa umbo ungemweka Planorbidae bila kusita. Lakini ana kifuniko cha mviringo. Uliza swali la kifuniko kwanza siku zote.

Wenye kifuniko

Hapa kifuniko chenyewe ndicho kitambulisho. Cha Bithynia ni kizito, cha chokaa, kina duara ndani ya duara, na hukaa pale mlangoni hata konokono akijikunja kwa nguvu zake zote. Cha Valvata ni chembamba, cha rangi ya pembe, na mstari wake unazunguka mizunguko mingi iliyobanana kuanzia katikati. Cha Potamopyrgus nacho ni chembamba, ila mizunguko yake ni michache na huanzia pembeni, na konokono hukivuta ndani kabisa. Cha Theodoxus ni nusu duara. Ukishaviona hivi vinne kwenye lenzi, umeshapunguza kazi zaidi ya nusu.

Ndani ya Bithynia tazama mdomo. B. tentaculata ana kona iliyochongoka juu ya mdomo na hufika milimita kumi na zaidi. B. leachii ni mdogo, mdomo wake unakaribia kuwa duara na mishono kati ya mizunguko imezama. Ulaya bara kuna pia B. troschelii anayefanana sana na leachii, basi ukiwa Ujerumani au Poland usikimbilie jina.

Potamopyrgus antipodarum anastahili aya yake. Ni mnara mwembamba, kwa Ulaya haupiti milimita sita hivi, mara nyingi umepakwa weusi wa madini, na wengine wana mstari wa vinywele kwenye mizunguko. Asili yake ni New Zealand. Alionekana kwenye mdomo wa mto Thames katikati ya karne ya 19, mwaka 1889 akapewa jina Hydrobia jenkinsi kwa kudhaniwa ni spishi mpya, na ikachukua miongo mingi kukubaliwa kuwa ni yule yule aliyekwisha kupewa jina kutokana na sampuli za New Zealand mwaka 1843. Ulaya karibu wote ni majike wanaozaa bila dume. Mmoja tu aliyenasa kwenye kiatu anatosha kuanzisha kizazi kizima mtoni, na anaweza hata kupita kwenye utumbo wa samaki akatoka hai. Ukipasua gamba la jike mkubwa chini ya hadubini utakuta watoto ndani, kila mmoja na gamba lake tayari. Hiyo ni alama nzuri ya kumtenga na Hydrobiidae wa maji ya chumvichumvi kama Peringia ulvae.

Bythinella wa chemchemi za Ufaransa, Ujerumani na milima ya kusini waandike kwa jenasi tu, yaani lile neno la kwanza la jina la kisayansi. Spishi ni nyingi, magamba yanafanana, na mara nyingi wanaotofautisha wanategemea vinasaba na mahali. Mahali pakiandikwa barabara, mtaalamu atamalizia. Chemchemi ni ndogo na konokono wake hawana pa kukimbilia, kwa hiyo chukua wachache sana au usichukue.

Walio bapa

Hapa tunahitaji neno mkuku, yaani ule ukingo uliochongoka unaozunguka gamba. Usilitazame gamba kutoka juu peke yake. Lishike kwa brashi ulitazame kwa ubavu, uone mkuku umekaa wapi. Planorbis planorbis anao karibu na upande mmoja, P. carinatus anao karibu na katikati. Anisus vortex, mwenye mizunguko sita au saba iliyobanana, anao pembeni kabisa. Anisus vorticulus ni mdogo, na mkuku wake ukiwapo unasogea katikati. Shida ni watoto wa vortex, ambao kwa ukubwa wanalingana na vorticulus mzima. Basi linganisha kipenyo na idadi ya mizunguko, tena kwa magamba kadhaa. Ukiwa na mmoja tu na hujaridhika, andika Anisus ulale salama.

Hippeutis complanatus na Segmentina nitida huchanganywa mara kwa mara: wote wadogo, wanang'aa, mzunguko wa mwisho umemeza ile mingine. Lipitishie mwanga gamba kutoka nyuma. Segmentina ana vikuta vyeupe ndani vinavyoonekana kama mistari mifupi; Hippeutis hana. Gyraulus albus ana mistari ya kukatizana juu ya gamba, inayoonekana vizuri likiwa limekauka. Gyraulus crista, wa milimita mbili tatu, mara nyingi ana mbavu zinazotokeza ukingoni. Kuhusu Gyraulus laevis na G. parvus kutoka Amerika Kaskazini, hata vinasaba vimeshindwa kuwatenga vizuri. Andika "Gyraulus laevis/parvus" kwa alama ya mkwaju. Hakuna aibu hapo.

Minara isiyo na kifuniko, na vikofia

Physa fontinalis ana ncha butu, Physella acuta ana ncha kali na joho lisilofunika gamba namna ile. Huyu wa pili alipewa jina mwaka 1805 kutokana na sampuli za mto Garonne, Ufaransa, ilhali asili yake ni Amerika Kaskazini: alishafika kabla hajapewa jina. Leo yupo karibu dunia nzima, nyumbani Afrika pia, akisafiri na mimea ya matangi ya samaki.

Galba truncatula ana mizunguko iliyopangika ngazi ngazi, mishono iliyozama na kitovu, yaani kitundu kidogo, kando ya mdomo. Ni muhimu kwa wafugaji kwa sababu hubeba Fasciola hepatica, mnyoo bapa wa ini la kondoo. Wanasayansi Thomas huko Oxford na Leuckart huko Leipzig waliufunua mzunguko wa maisha ya mnyoo huyo mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanamjua zaidi ndugu yake, Fasciola gigantica, anayebebwa na Radix natalensis.

Stagnicola hawatenganishwi kwa gamba. Inabidi kupasua na kutazama viungo vya uzazi, na kama hujajifunza kazi hiyo, ishia kwenye jenasi. Nao Lymnaeidae wa kawaida wa mabwawani, ambao sasa wengi huwaita Ampullaceana balthica, katika vitabu vya zamani ni Lymnaea peregra, jina lililokusanya zaidi ya spishi moja. Ukikuta kumbukumbu ya zamani ya peregra usiibadilishe kuwa balthica kwa kukisia. Iache kama ilivyo.

Vikofia ni rahisi. Ancylus fluviatilis hung'ang'ania mawe kwenye maji yanayokwenda, na gamba limeinuka. Acroloxus lacustris ni mrefu, bapa, yuko kwenye mimea ya maji yaliyotuama. Ukitazama kutoka juu, kichwa kikielekea mbele, ncha ya Ancylus huinama kulia na ya Acroloxus kushoto.

Picha na sampuli

Kausha gamba kwa pembe ya karatasi laini kwanza. Unyevu hung'aa na kuficha mistari. Liweke juu ya karatasi ya grafu. Mnara unataka picha mbili: mdomo ukikuelekea, na mgongo. Bapa anataka tatu: juu, chini na ubavu. Kwa wenye kifuniko piga na kifuniko chenyewe. Picha moja ya konokono juu ya kidole ni nzuri kwa marafiki, lakini mkaguzi wa kumbukumbu haimsaidii.

Gamba tupu likauke kisha liingie kwenye kichupa. Konokono mzima huhifadhiwa kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, na kama anatarajiwa kupimwa vinasaba, asilimia 95 na zaidi. Badilisha ethanoli siku ya pili, maana maji ya mwilini huipunguza nguvu. Wenye kifuniko huziba mlango spiriti isiingie, kwa hiyo pasua kidogo gamba la mmoja au wawili. Ukikusudia kupasua viungo, walegeze kwanza usiku kucha kwa chembe za mentoli ndani ya maji. Usitumie formalini, asidi yake hula magamba na huharibu vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya kichupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na lebo ya nje hubanduka.

Kuandika

Kumbukumbu ina nguzo nne: nini, wapi, lini, nani. Nyingine zote ni nyongeza, ila baadhi ya nyongeza zina thamani kubwa. Huu ni mfano wa kubuni:

> *Bithynia tentaculata*. Hai 14, magamba tupu 3. Mfereji wa malisho, upana mita 2, Pevensey Levels, East Sussex. Viwianishi vya GPS, kosa mita 8. 12 Mei 2024. Wavu, dakika 10. Mkusanyaji na mtambuzi: (jina). Ametambuliwa kwa kifuniko na mdomo, lenzi x20. Picha 3; sampuli 2 kwenye ethanoli, kichupa na. 41.

Mwezi uandikwe kwa herufi, kwa sababu 5/12 kwa mmoja ni Desemba na kwa mwingine ni Mei. Kosa la GPS liandikwe kama simu inavyolionyesha. Uingereza wengi hutumia gridi ya taifa, bara hutumia longitudo na latitudo. Andika ni ipi. Mkusanyaji na mtambuzi watajwe mmoja mmoja hata wakiwa mtu yule yule.

La muhimu kuliko nyongeza zote, baada ya nguzo zile nne, ni hai au tupu. Magamba husombwa na mafuriko kilomita nyingi, na tope la bondeni linaweza kutoa magamba ya karne zilizopita yakiwa yangali mazuri. Ukiandika "yupo" kwa sababu ya gamba tupu, umewapa wanaochora ramani konokono ambaye pengine hajaishi hapo tangu enzi za mababu.

Andika pia uliowakosa. "Dakika 20, mifereji mitatu, Segmentina hakuonekana" ni sentensi fupi, na mhifadhi anayefuatilia kupungua kwa spishi anaihitaji kuliko picha kumi za Bithynia.

Kutuma

Uingereza kuna tovuti ya iRecord, Uholanzi Waarneming.nl, na popote pale iNaturalist au Observation.org. Data nyingi za huko huishia GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, ambako yeyote, hata aliyeko Mwanza, anaweza kuzisoma. Uingereza na Ireland zina pia chama cha wapenda konokono kilichoanzishwa mwaka 1876, Conchological Society, ambacho wakaguzi wake hupitia kumbukumbu moja moja. Majina ya sasa yahakikishe kwenye MolluscaBase, orodha ya mtandaoni ya majina ya konokono na jamaa zao, kabla ya kutuma, lakini kwenye daftari lako acha jina uliloandika siku ile pamoja na kitabu ulichotumia.

Kwenye iNaturalist jihadhari na kukubaliana kwa haraka. Watu wawili wakibofya jina moja, alama ya ubora hutokea, hata kama wote wawili walikisia kwa picha ya mgongo. Kwa konokono wa chini ya milimita tano mimi huipa uzito maelezo ya mkaguzi anayesema ameona nini, kuliko idadi ya waliokubali.

Mkaguzi akikurudishia swali, jibu kwa ushahidi: picha ya ubavu, kipimo, idadi ya mizunguko. Akikataa jina, rekebisha kumbukumbu badala ya kuifuta, na kwenye maelezo acha jina la kwanza na tarehe ya mabadiliko. Vichupa vikianza kujaa rafu, ongea na makumbusho yaliyo karibu. Mengi hupokea sampuli zenye lebo kamili na hukataa zisizo nayo.